Miaka Saba Niliyoitoa Mimi

Cherehani ya jirani ilikuwa ikianza saa mbili za usiku, wajukuu wakishalala. Ukuta wetu ni mmoja, na hauna siri. Niliuzoea mwendo wake hata nikawa nasahihisha insha kwa kuufuata: mshono mrefu, kituo, mshono mfupi, kituo, kisha mkasi unatuliwa mezani.

Jumatano moja haikulia.

Alhamisi pia haikulia. Ijumaa jioni nikakutana na mjukuu wake akitoka dukani na sukari ya kupima, nikamuuliza kama bibi yake anaumwa.

"Haumwi, mwalimu. Cherehani imeuzwa."

Sikumuuliza imeuzwa kwa nini. Nilijua. Mimi ndiye niliyeiuzisha, na wakati huo nilidhani nimeiuzisha kwa kusema kweli.

Karatasi ya kwenye pindo la leso

Jumamosi iliyotangulia alikuja kwangu mchana wa jua kali. Akafungua pindo la leso, palepale anapofunga pesa, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee hii, mwalimu. Wewe ndiye unayekijua Kizungu."

Kijana wake wa pili alikuwa ameajiriwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikamatwa, akalala seli, akasomewa mashtaka, akayakana, akatoka kwa bondi. Yaliyosemwa mahakamani aliyasikia nusu, na ile nusu aliyoisikia hofu ilikwisha kuimeza. Karatasi ilisema "stealing by servant contrary to section 281 of the Penal Code". Mali yenyewe ilikuwa mifuko sita ya saruji.

Nikavaa miwani. Nakumbuka kabisa nilivyoivaa, polepole, kama daktari.

Nikamweleza kwamba ni wizi wa mtumishi kwa mwajiri wake, kinyume cha kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya. Akauliza adhabu yake. Haikuwa imeandikwa pale, kwa hivyo nikachukua simu, nikakitafuta kifungu chenyewe, nikakipata. Kinamalizikia hivi: "he is liable to imprisonment for seven years."

"Akipatikana na hatia, mama, atafungwa miaka saba."

Akanyamaza kidogo. "Saba kamili?"

"Saba kamili. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hilo neno "kamili" silo lililonisumbua siku ile. Limenisumbua baadaye, wiki baada ya wiki. Sheria haikulisema. Nililitamka kwa sababu yeye aliniuliza kwalo, na kwa sababu mtu aliyevaa miwani hapendi kusema "ngoja kwanza".

Alama moja

Mimi hufundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne. Kila muhula nina wiki yangu ya vivumishi na vihusishi vyake. Tunaimba kama watoto wa chuoni: "good at", "afraid of", "fond of", "guilty of". Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, vitu hivi hukaa kwenye karatasi ya pili, pengo limeachwa na mtahiniwa anajaza kineno kimoja. Anayeandika "guilty for" namkata alama bila huruma. Akiuliza kwa nini iwe "of", jibu langu la miaka yote lilikuwa lilelile: usitafute sababu, kariri.

Na "liable to" iko kwenye orodha yangu. Nimeiandika ubaoni kwa mkono wangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mfano wangu ulikuwa wa nyumba mbovu iliyo "liable to collapse", yaani huenda ikaanguka.

Huenda.

Ubaoni najua kwamba ni huenda. Mezani kwangu, mbele ya mama wa watu, macho yalichukua "imprisonment", yakachukua "seven years", yakaona yamemaliza kazi. Kale ka-"to" nilikaruka kama mtu anavyoruka jiwe la mlangoni kwake mwenyewe.

Redio

Wiki mbili zilipita bila cherehani. Aliiuza kwa shilingi elfu nane, na aliyeinunua ni fundi mwenzake aliyejua kwamba muuzaji ana haraka. Pesa zilikwenda kwa mwajiri kulipa ile saruji, kwa matumaini kwamba atalegeza moyo. Miaka saba humfanya mtu auze kitu bila kupatana bei.

Jioni moja nilikuwa nakula, taarifa ya habari inasomwa. Mtu fulani alifikishwa mahakamani kwa ulaghai wa ardhi, na mtangazaji akamalizia kama wanavyomalizia wote: "Akipatikana na hatia, huenda akafungwa hadi miaka…" Sikusikia ni miaka mingapi. Mkono ulisimama na tonge lake.

Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote. Huenda. Hadi. Kwa nini watangazaji wanasema hadi? Nani aliyewafundisha, na mimi nilikuwa wapi?

Usiku ule nikarudi kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini safari hii nikaanza mwanzo. Jibu liko kwenye kifungu cha 26, vifungu zaidi ya mia mbili kabla ya kile nilichokisoma. Kifungu kidogo cha pili kinasema kwamba mtu aliye "liable" kufungwa maisha au muda mwingine wowote anaweza kupewa muda mfupi zaidi, isipokuwa sheria iliyoweka kosa hilo iseme wazi vinginevyo. Cha tatu kinaruhusu hata faini, pamoja na kifungo au badala yake. Na jambo lenyewe si jipya. Mwaka 1967 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Opoya iliyotoka Uganda, iliamua kwamba maneno "shall be liable to" hayamlazimishi hakimu kutoa adhabu iliyotajwa. Yanataja adhabu ambayo anaweza kuitoa akiona inafaa. Na adhabu iliyokuwa ikibishaniwa pale ilikuwa kifo.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Saba ni urefu wa kamba. Mimi nilimwambia mama mbuzi amekwisha kufika mwisho wa kamba na shingo imekazwa.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilielewa kila kitu. Sivyo. Nikafungua Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na kukuta "liable" ileile, lakini imefuatwa na "not less than": si chini ya miaka ishirini. Kamba imegeuzwa, sasa inataja mwanzo. Nikafungua kifungu cha mauaji, nikakuta hakuna "liable" hata kidogo, kuna "shall be sentenced to death", amri kavu, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo kunakiuka Katiba. Wafungwa wawili walilifikisha swali hilo juu kabisa. Mimi nina shahada ya lugha na sikuliona kwenye simu.

Kwa, kwa, kwa

Nimejiuliza sana kwa nini vineno hivi vinatupita. Sehemu ya jibu naiona kwenye "kwa" yetu.

Sema "anawajibika kwa". Anawajibika kwa bodi: bodi ndiyo inayomuuliza. Anawajibika kwa hasara: hasara ndiyo anayoulizwa. Kiingereza kingetenganisha hapo, "answerable to" upande mmoja na "answerable for" upande wa pili. Sisi tunatumia "kwa" moja na kuachia akili ya msikilizaji imalizie. Alishtakiwa kwa wizi, alikwenda kwa miguu, alikwenda kwa shangazi, alilia kwa uchungu. Mzigo wote huo uko juu ya punda mmoja, na hajalalamika.

Kwa hivyo tukikutana na "liable to" na "liable for", sikio letu linasikia "kwa" na "kwa". Lakini tofauti ni ya nyumba nzima. Aliye "liable for" hasara atailipa. Aliye "liable to" kifungo yuko mahali ambapo kifungo kinaweza kumfikia, na kinaweza kisimfikie.

Kisha nikakumbuka kwamba sisi pia tunacho kisu hicho. Tunakificha tu ndani ya kitenzi. Kukimbia polisi na kukimbilia polisi. Silabi moja katikati, na mmoja ni mshukiwa, mwingine ni mlalamishi. Kuhama mji na kuhamia mji. Hakuna mtoto wa hapa anayekosea, na hakuna aliyemkaririsha.

Wiki iliyofuata niliandika "kukimbia" na "kukimbilia" ubaoni kabla ya kuandika neno lolote la Kiingereza. Darasa lilicheka. Kisha tukayapanga upya maneno ya mahakama, tukaacha mpangilio wa alfabeti na kufuata upande ambao kila kineno kinaelekeza macho. "Of" inageukia tendo: "guilty of", "accused of", "convicted of", "acquitted of". "To" inatazama mbele, kwenye kitu kinachokungoja au chenye nguvu juu yako: "liable to", "subject to", "entitled to", "sentenced to". "From" inakuchomoa: "exempt from", "immune from". "By" inakushika, ukiwa "bound by" mkataba, au inakuuma, ukiwa "aggrieved by" uamuzi na unataka kukata rufaa. Msichana mmoja wa nyuma akauliza kwa nini basi "charged" inachukua "with" na si "of" kama "accused". Nikafungua mdomo kusema kariri. Nikaufunga. Nikamwambia aseme yeye anaonaje, akasema labda mtu anabebeshwa shtaka, anatembea nalo mgongoni. Sijui kama wanaisimu watakubali. Mimi nimelichukua.

Wenyewe nao

Ni rahisi kudhani Kiingereza cha sheria ni kigumu kwetu tu. Kiliwashinda wenyewe kwanza. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mahakama zao zilikuja kuzungumza Kifaransa na kuandika Kilatini. Mwaka 1362, enzi za Edward III, ilibidi bunge litunge sheria kwamba kesi zisemwe kwa Kiingereza kwa sababu washtakiwa na wadai hawaelewi kinachosemwa juu yao. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kumbukumbu ziliendelea kuandikwa kwa Kilatini, na ndoa hiyo haikuvunjwa kabisa mpaka sheria ya 1731.

Ndiyo maana maneno yao makubwa yana sura ya ugeni. "Mortgage" ni Kifaransa cha kale, maana yake rehani iliyokufa. "Bail", "plaintiff", "jury", yote yalivuka bahari. Lakini vile vidogo, "of" na "to" na "for" na "by", ni vya nyumbani kwao tangu kale. Tunayaogopa yale makubwa, tunayatafuta kwenye kamusi, tunayapigia mstari. Mimi sikukosea neno lolote kubwa kwenye ile karatasi.

Watanzania, mwaka 2021, walibadilisha sheria ili lugha ya mahakama iwe Kiswahili, na nawaonea wivu, ingawa rafiki yangu aliye wakili huko ananiambia kwamba "subject to" haiondoki mezani kwa kuitwa "kwa kuzingatia masharti ya". Kwetu Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo akiwa haelewi lugha ya kesi. Inampa haki hiyo mahakamani. Jumamosi mchana, kwa jirani mwenye miwani, hakuna Katiba.

Ni kweli

Nikaomba ruhusa shuleni, nikaenda naye siku ya kesi. Sikumwambia bado. Nilijiambia nitamwambia nikishaona mambo yanavyokwenda, na sasa naona huo ulikuwa woga wa kawaida uliovaa shati la busara.

Benchi zilijaa. Nyuma yetu mwanamume aliyetoka mbali na mashahidi wawili aligundua kwamba kesi yake siku hiyo "inatajwa" tu, haisikilizwi. Alikuwa ameambiwa itatajwa, naye alielewa kwamba itasemwa. Nani atamlaumu?

Akasimamishwa mzee mmoja. Karani akamsomea shtaka kwa Kiswahili cha haraka, na kabla hajamaliza mzee akaitikia kwa adabu: "Ni kweli." Pwani mtu mzima akizungumza nawe kwa heshima humkatizi kwa "si kweli", unaitikia kwanza, ubishi baadaye. Nilidhani yamekwisha. Lakini hakimu hakufunga jalada. Aliagiza maelezo ya kosa yasomwe, kitu kimoja baada ya kingine, kisha akamuuliza mzee kama hayo ndiyo yaliyotokea. Mzee akashtuka: hapana, yeye alikubali kwamba alikuwepo. Ikaandikwa kwamba amekana.

Baadaye nilijifunza kwamba huo si upole wa hakimu mmoja. Kesi ya Adan ya mwaka 1973, ya Mahakama ya Rufani ileile ya Afrika Mashariki, iliweka utaratibu huo: shtaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, ajibu, maelezo yasomwe, aulizwe tena. Mtu anaulizwa mara mbili kabla "ni kweli" yake haijageuzwa hatia.

Mimi sikumuuliza mama mara mbili. Yeye ndiye aliyeniuliza mara mbili.

Kijana wetu aliomba kubadilisha jibu lake siku hiyo, akakubali kosa. Afisa wa probesheni akapewa muda wa kuandika ripoti. Tuliporudi wiki chache baadaye alipewa kifungo cha nje, mwaka mmoja. Kati ya mambo ambayo hakimu alisema ameyazingatia, moja ni kwamba mali imelipwa.

Mali imelipwa. Nililisikia hilo na tumbo likanigeuka, kwa sababu sikujua tena nisikitike vipi. Cherehani iliuzwa kwa kosa langu, na huenda cherehani ndiyo iliyomtoa kijana. Nilikuwa nimekwisha kujizoesha kuwa na hatia, nikanyimwa hata hiyo.

Kibarazani

Nilimwambia jioni ileile, kibarazani kwake. Nikaeleza yote, kifungu cha 281, kifungu cha 26, nikataja hata kamba ya mbuzi. Nadhani niliongea muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Kwa hivyo ningengoja?"

"Sijui, mama. Labda ungeiuza vilevile. Lakini ungeiuza kwa bei yake."

Akapepeta ungo mara mbili tatu.

"Ilikuwa ya mama yangu," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Mstari wa nne

Juzi amepiga hodi tena. Kuna mtu anakopesha cherehani, unalipa kidogo kidogo kila mwezi, na fomu yake ni kurasa tatu za Kiingereza. Akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nisomee."

"Niachie mpaka kesho, mama."

Akanitazama kwa muda. Hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza, akaweka mikono juu ya fomu, si kwa nguvu, lakini ameiweka.

"Tusome sasa," akasema. "Polepole."

Nikachukua penseli. Ukurasa wa kwanza haukuwa na neno. Ukurasa wa pili, mstari wa nne, palikuwa na "the hirer shall be liable for", na baada yake orodha ya vitu. Nikazungushia duara "for" peke yake.

"Hicho ndicho kile?" akauliza.

"Hapana. Hiki ni ndugu yake. Hiki unalipa."

"Nalipa nini?"

Nikasogeza penseli kwenye kitu cha kwanza.